Aanzie hospitali, si barazani

Swali la wiki hii lilikuwa: mwanamke anayepigwa na mumewe aanzie wapi, kwa wazee, kwa kadhi au kwa polisi? Jibu langu ni kwamba aanzie hospitali. Hao watatu kila mmoja ana kazi yake, lakini kidonda hakingoji kikao, na uvimbe ukishapungua ushahidi nao umepungua.

Nakaa Kisauni, katika nyumba ya vyumba vya kupangisha yenye ukumbi mmoja. Ugomvi wa chumba kimoja husikika vyumba vyote. Asubuhi tunakutana bombani, tunaamkuana, tunaulizana hali za watoto, na hakuna anayetaja kilichosikika usiku. Tunajiambia tunamsitiri mwenzetu. Mimi sioni sitara hapo. Anayesitiriwa ni yule aliyempiga.

Hapa Mombasa, hospitali ya Coast General ina kituo cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Daktari akimtibu huandika alichokiona, na maandishi yale ndiyo yatakayosema kortini miezi mingi baadaye, wakati ngozi imeshapona na mume anasema alianguka bafuni. Akiwa ameingiliwa kwa nguvu, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima azianze ndani ya saa 72, na asioge kabla ya kuonwa. Nguo alizokuwa nazo asizifue. Azitie kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa ndani ya plastiki hupata unyevu na ushahidi ukaharibika.

Kisha polisi. Aandikishe taarifa na asiondoke bila nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Aombe fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha yake; haiuzwi, na ikishajazwa abaki na nakala. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inamtaka polisi amweleze mlalamishi haki zake zote, zikiwemo matibabu na mahali pa kujihifadhi, na mwanamke akitaka kuandikisha maelezo yake mbele ya askari mwanamke ana haki hiyo. Askari anayemwambia "rudini mkapatane" hajampa ushauri wa busara. Ameiacha kazi aliyopewa na sheria.

Hata hivyo, kinachowarudisha wengi nyuma si askari. Jirani yangu mmoja, nilipomwambia twende kituoni, aliivuta leso mpaka shavuni na kuniuliza, "Dada, akifungwa, kodi atalipa nani? Ada ya shule je?" Sikumlaumu. Wengi wanaamini njia ni mbili tu, kumfunga mume au kuvumilia, na mtu mwenye watoto watatu huchagua kuvumilia.

Ipo njia ya tatu, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Sheria hiyo ya 2015 inamruhusu kuiomba mahakama amri ya ulinzi, bila kulazimika kwanza kumshtaki mtu kwa jinai. Mahakama inaweza kumkataza mume kumpiga, kumtisha, kumwandama kazini au kuikaribia nyumba. Inaweza hata kumtoa katika nyumba wanayoishi ijapokuwa ni yake, mke na watoto wakabaki. Hatari ikiwa kubwa, amri ya muda hutolewa kabla mume hajasikizwa, naye akaja kujieleza baadaye. Huyo mume anaendelea na kazi yake na mshahara wake. Akiivunja amri ndipo anapokabiliwa na kifungo kisichozidi miezi 12, au faini isiyozidi shilingi 100,000, au vyote viwili.

Na si kwa wake pekee. Mchumba, mtalaka, mzazi anayepigwa na mwanawe, jamaa anayeishi katika nyumba hiyo hiyo, wote wamo. Wala si ngumi pekee. Kumnyima mtu pesa za matumizi ili umtawale, matusi, vitisho, kumfungia nje, na hata wakwe kuingilia ndoa vimetajwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 iliwaondoa wanandoa katika kosa la ubakaji, jambo linaloniuma mpaka leo, lakini sheria hii ya 2015 inatambua kwamba kuna ukatili wa kingono ndani ya ndoa, na mke anaweza kuombea ulinzi kwa sababu hiyo.

Kwa kadhi ataenda, na ni haki yake. Akitaka faskhi, yaani kadhi amvunjie ndoa, mahali pake ni hapo. Lakini Katiba, kifungu cha 170, imempa kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kwa Waislamu. Kesi ya kujeruhi si yake. Aya ya Kurani ya mapenzi na huruma husomwa karibu katika kila harusi yetu, kwa hiyo sidhani kuna kadhi atakayeona mwanamke amekosea kwa kupitia hospitali kabla ya kufika kwake.

Wazee nawaheshimu, lakini vikao vyao vimenitia uchungu. Nimekaa katika kimoja. Kahawa ilizungushwa, ami ya mume akasifu koo zote mbili, na swali la kwanza aliloulizwa mwanamke mwenye jino lililong'oka lilikuwa, "Nawe ulimwambia nini?" Mwisho akatakiwa aifute kesi ili "nyumba isivunjike". Hapakuandikwa chochote, wala mume hakutakiwa kuahidi neno. Wazee wangu, mkitaka kusuluhisha, suluhisheni. Ila mwanamke awe ameshatibiwa na taarifa imeshaandikwa, na msiifanye kesi yake kuwa bei ya amani.

Kama yeye mwenyewe hawezi kufika kortini, kwa hofu au kwa kufungiwa, sheria inaruhusu ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzake amwombee ulinzi. Nambari 1195 ya simu ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili ni ya bure, usiku na mchana, na kwa mtoto ni 116. Akishapiga aifute kwenye simu, maana simu ya mke hukaguliwa. Nyumba za hifadhi ni chache, na kwa mamake ndipo mume atakapomtafuta kwanza. Basi apange mapema atakimbilia wapi. Kitambulisho, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, kadi za kliniki, nakala ya P3 na nauli viwe katika mfuko mmoja, uliowekwa kwa jirani anayeweza kufungua mlango saa nane za usiku, na jirani huyo aambiwe waziwazi mfuko ni wa nini.