Kabla hujamwita mwanao mzito, mpime macho

Mwanangu alipokuwa darasa la pili, mwalimu wake aliniita akanieleza kwamba mtoto ni mzito, hanakili ubaoni, kutwa anachungulia daftari la mwenzake. Nilirudi nyumbani Makorora nimefura, na siku hiyo nilimchapa. Nalitaja la kumchapa makusudi, maana wazazi wengi hapa Tanga tunaanzia hapo hapo.

Dalili zilikuwepo. Kitabu alikisogeza mpaka kikagusa pua. Ikifika magharibi anajikwaa kwenye kizingiti cha nyumba aliyozaliwa. Umwambie achambue mchele, chuya zote zinabaki. Shangazi yake ndiye aliyeshtushwa na huo mchele, tukaenda kliniki ya macho.

Alipewa miwani, nikadhani yameisha. Hayakuisha. Daktari akanieleza kuhusu uoni hafifu: hata akiwa na miwani, jicho lake lenye nafuu halifikii 6/18, yaani herufi ambayo mtoto mwingine anaisoma akiwa mita 18, yeye haisomi hata akisogea mita 6. Hapo si upofu, na miwani peke yake haitoshi. Ndugu wakashauri nimpeleke Irente, kule Lushoto, kwenye shule ya wasioona. Kwa mtoto anayehitaji nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa kupapasa, ningemfungia sanduku kesho yake. Wangu bado alikuwa anasoma kwa macho, ila alikuwa hajatengenezewa mahali pa kusomea.

Kwa hiyo usiishie kuomba "akae mbele". Mbele kwenyewe kuna dawati ambalo mwanga wa dirisha unapiga ubao mpaka unang'aa, hata mwenye macho mazima haoni kitu. Nenda darasani asubuhi, mkalishe dawati moja baada ya jingine, muulize anasoma nini. Sisi tulilipata safu ya pili, upande wa mlango. Kisha chukua manila nyeusi, kata kijidirisha chembamba cha mstari mmoja, awe anakitelezesha juu ya ukurasa. Maneno mengine yanafichwa, mstari unatulia. Mnunulie kalamu ya wino mweusi mzito.

Kubwa kuliko yote halina gharama: mwalimu atamke kila anachoandika ubaoni. Jirani yangu, ambaye wa kwake ana usikivu hafifu, anaomba jambo la upande wa pili, kwamba mwalimu asiseme huku amelipa darasa mgongo, kwa kuwa mtoto anamsoma midomo. Mwalimu mmoja anaweza kuyafanya yote mawili: aandike akitamka, kisha ageuke arudie.

Halafu kuna mtihani, na hapa ndipo wazazi tunapolala. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na huongeza muda: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Lakini shule isipomwandikisha kama mwenye uoni hafifu, siku ya mtihani atawekewa karatasi ya kawaida. Usingoje darasa la saba lianze ndipo uulize.

Wangu yuko la sita. Barua ya daktari nimeitoa nakala tatu: moja kwa mwalimu mkuu, moja kwa afisa elimu maalumu, na moja iko kabatini kwangu.