Kupiga Picha za Sayari Kutoka Oulu: Ushauri kwa Wanaoanza

Mtu aliyezoea anga la Dar es Salaam au Mombasa, ambako sayari hupita karibu na utosi, akifika Oulu nchini Ufini hushangaa kuziona zikiambaa upeo wa macho. Mji huu uko nyuzi 65 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo ikweta ya anga, yaani mstari wa kufikirika ulio juu ya ikweta ya Dunia, hufikia kimo cha nyuzi 25 tu upande wa kusini, na njia ya sayari, ambayo hupanda na kushuka kwa zaidi ya nyuzi 23 kutoka mstari huo, huweza kufika nyuzi 48 au kuishia kwenye vilele vya misonobari. Ijue hesabu hii kabla hujanunua chochote, kwa sababu ubora wa picha zako utaitegemea kuliko bei ya darubini.

Sayari za nje, yaani zilizo mbali na Jua kuliko Dunia, huonekana kubwa zaidi zinapokuwa mkabala na Jua, Dunia ikiwa katikati. Majira ya baridi Jua la huku huwa chini mno, na kwa sababu hiyo hiyo sayari iliyo mkabala nalo huwa juu usiku. Mshtarii ilipokuwa mkabala na Jua tarehe 10 Januari 2026, ilipanda hadi karibu nyuzi 47. Juni 2019 ilifika nyuzi mbili au tatu tu, tena katika usiku usioingia giza. Hulizunguka Jua kwa karibu miaka 12, hivyo anayeanza katika kipindi kibaya ana kazi ya kungoja. Zohali, ambayo huchukua zaidi ya miaka 29, kwa sasa inaendelea kupanda mwaka hadi mwaka. Mirihi ndiyo yenye hila: inapoikaribia Dunia sana, huwa ni kati ya Julai na Septemba, nayo huwa chini. Julai 2018 kipenyo chake kilipita sekunde 24 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi), lakini kwa Oulu iligusa upeo wa macho tu. Januari 2025 ilikuwa na sekunde 14 na nusu, ikapanda hadi nyuzi 50. Mimi ningechagua hiyo ndogo iliyo juu bila kusita.

Sayari ikiwa chini, mwanga wake hupita katika hewa nyingi, na hewa hiyo huutenganisha kama prizma, hata ukingo mmoja ukawa mwekundu na wa pili wa buluu. Kipo kifaa cha prizma mbili kinachorekebisha kasoro hiyo, nami nakihesabu kuwa cha lazima hapa. Mwanga wa kaskazini, ile miale ya rangi inayocheza angani usiku, unaowakera wanaopiga picha za galaksi, hautakusumbua, kwani sayari hung'aa vya kutosha na kila fremu huchukua milisekunde chache.

Baridi ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa. Darubini iliyotoka sebuleni kwenye nyuzijoto 21 kwenda nje kwenye 20 chini ya sifuri ina tofauti ya nyuzi 41 ya kumaliza, na wakati huo wote hewa ya vuguvugu hupanda ndani ya mrija na kuichafua taswira. Itoe saa mbili kabla, kisha ielekeze kwenye nyota angavu na uvuruge fokasi kidogo mpaka nyota iwe duara: ukiona ukingo wa duara hilo unatoa kitu kama moshi kuelekea upande mmoja, bado haijapoa. Kioo cha mbele kifungie mkanda wa kupasha joto, lakini kwa nguvu ndogo tu ya kuzuia sakitu, maana joto likizidi utarudisha ule moshi. Grisi ya kawaida huganda, betri huisha mapema na nyaya hukakamaa; weka betri na kompyuta ndani ya sanduku lililofunikwa. Chini ya miguu ya stendi tandika vipande vya mbao, kwani theluji huendelea kudidimia. Usielekeze darubini juu ya paa wala dohani, maana nyumba za huku hupashwa joto usiku kucha. Na unapolenga Nyota ya Kaskazini ili kupanga mhimili wa stendi, utalazimika kupiga magoti thelujini, kwa kuwa nyota hiyo iko juu sana.

Usipige picha moja moja. Rekodi video yenye maelfu ya fremu, kisha programu kama AutoStakkert ichague zile zilizonaswa hewa ilipotulia na kuzirundika kuwa picha moja. Mshtarii hujizungusha kwa chini ya saa 10, hivyo kwa darubini ya sentimita 20 video ikizidi dakika mbili au tatu, madoa ya katikati huanza kufutika. Rekodi nyingi fupi ni bora kuliko moja ndefu.

Ukimaliza, funika vioo na ufunge darubini ndani ya mfuko wake ingali nje, halafu iache ukumbini bila kuifungua hadi kesho yake. Ukiifungua mapema, unyevu wa nyumba utatua juu ya kioo baridi na kuacha madoa.