Kusaidia kijijini: usikimbilie kusajili taasisi

Mdogo wangu, hongera kwa mkataba. Umeuliza kama ufungue taasisi ya misaada yenye jina lako sasa hivi, au usubiri ustaafu soka kwanza.

Mimi nasema anza sasa, ila taasisi iache kidogo. Ukisajili, kila mwaka utadaiwa taarifa na hesabu, na mhasibu naye anataka chake. Chagua kitu kimoja kinachokuuma. Dikembe Mutombo, yule Mkongo, alikwenda Marekani mwaka 1987 akitaka kuwa daktari, mpira wa kikapu ukambeba. Mama yake alipofariki Kinshasa bila kufikishwa hospitali, akajua fedha yake iende wapi. Hospitali ya Biamba Marie, yenye jina la mama huyo, ilianza kupokea wagonjwa 2007. Mutombo alifariki 2024, wagonjwa bado wanatibiwa.

Hapa kwetu Tanzania mtazame mkimbiaji Filbert Bayi: rekodi yake ya dunia ya mita 1,500 ya mwaka 1974 ilishavunjwa zamani, lakini shule zake Kimara na Kibaha zipo.

Jezi na mipira ya kugawa mbele ya kamera sina hamu nayo. Kwetu tuliletewa mipira ishirini, pampu hakuna. Baada ya miezi mitatu watoto walirudia mpira wa makaratasi.

Kaa na mwalimu mkuu wa shule uliyosoma, muulize kinachokosekana. Akikutajia matundu ya vyoo usikunje uso. Na fedha usimpe mjomba akutunzie. Lipa fundi mwenyewe, dai risiti.