Maswali ya Wasomaji: Wanafunzi wanaolipuka kwa neno moja

SWALI: Nafundisha Kidato cha Kwanza, shule ya kata. Nina wanafunzi kama kumi walio mbioni kuacha shule: watoro, wagomvi, wengine hufanya vibarua jioni. Tumewaasa mstarini, tumewaadhibu, tumeita wazazi. Wiki moja wametulia, inayofuata wamerudi palepale. Tufanyeje?
Mwalimu wa malezi, Kilosa

JIBU: Mwalimu, nasaha ya mstarini humkuta mtoto ametulia. Anayeihitaji ni yuleyule saa tano, akishataniwa viatu.

Anza na wanne tu. Kila mmoja apewe mtu mzima mmoja asiyebadilika: wewe, matroni, hata mpishi wa uji kama wanamheshimu. Asubuhi kabla ya mstari wakutane dakika mbili (umeamkaje, umekula, leo tunalenga nini), na jioni dakika tatu. Katikati mtoto anabeba kadi, nusu ukurasa wa daftari inatosha, yenye malengo matatu yaliyoandikwa kama jambo la kutenda: “nimeingia kabla ya kengele”, si “niache uchelewaji”. Kila kipindi mwalimu anaweka 0, 1 au 2 kwa kila lengo. Kwa vipindi 8, jumla ya juu kabisa ni pointi 48.

Wengi hudai asilimia 80 siku ya kwanza, yaani pointi 38, mtoto anakata tamaa Jumanne. Pima wiki nzima bila lengo. Akipata wastani wa 22, lengo liwe 26, kisha lipande taratibu. Kadi huharibika pia mwalimu anapofuta pointi zilizokwisha kutolewa, au mzazi anapomchapa mtoto kwa sababu ya sifuri. Kwa hiyo usiipeleke nyumbani kabla ya kuzungumza na mzazi.

Kuna mtoto ambaye kadi haitamsaidia: yule anayefanya fujo ili atolewe nje. Amesoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, ghafla Baiolojia ni Kiingereza, na heri aitwe mkorofi kuliko mjinga. Mpe aya moja fupi kwa Kiswahili, kisha ileile kwa Kiingereza, mkiwa wawili tu. Akielewa ya kwanza na kukwama ya pili, tatizo si tabia. Mwandikie maneno 5 ya kipindi kijacho na maana zake jana yake, na usimsomeshe kwa sauti mbele ya wenzake bila kumpa nafasi ya kujiandaa. Kwa maoni yetu, sehemu hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Kuhusu hasira: watoto wengi huita kila kitu “hasira”. Mara mbili kwa wiki, dakika kumi, watenganishieni fedheha, wivu, wasiwasi, unyonge na kinyongo, kwa mifano ya shuleni kwenu. Kisha wafanye zoezi la pumzi: kuvuta kwa hesabu ya 4, kutoa kwa hesabu ya 6, mara tano. Lifanyike wakiwa watulivu. Kumwambia “pumua” aliyekwisha kukunja ngumi ni kumchokoza. Mwishowe kila mmoja aandike sentensi yake: “Wakinitania viatu, nitaondoka niende bombani.” Iwe na mahali pa kwenda, la sivyo atabaki pale pale.

SWALI: Mjukuu wangu ana miaka 13. Tangu mama yake afariki hasemi, na shule haitaki.
Bibi, Tanga

JIBU: Shikamoo bibi. Usimkalishe kumhoji. Mfanye naye kazi ya mikono, kuchambua mchele kwa mfano, na useme ulichokiona: “Tangu juzi naona huli.” Kisha nyamaza, hata dakika nzima. Mtaje mama yake kwa jina. Mtoto akiona mnaliepuka, naye atalimeza. Mwombe mwalimu wa darasa ampokee kwa nusu siku wiki ya kwanza. Akisema anatamani kufa, au kwamba kuna mtu anamwumiza, usimwache peke yake na usingoje kesho: piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au mwende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.