Kifundo kilichoteguka: barafu, si maji ya moto

Umeuliza kama mchezaji wenu wa ngoma aliyeteguka kifundo akandwe kwa maji ya moto kabla ya onyesho. Hapana ndugu, kifundo cha mguu kilichoteguka kisikandwe kwa maji ya moto wala kusuguliwa siku 2 au 3 za kwanza: joto hupanua mishipa ya damu, uvimbe unazidi. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20, kila baada ya saa 2 au 3. Bandeji ianzie karibu na vidole ipande juu. Vidole vikifa ganzi, legeza. Mkisafiri kwa boti ya Bukavu–Goma, Ziwa Kivu, mchezaji alale, mguu juu ya begi. Akishindwa kukanyaga hatua 4 (ni kipimo cha kanuni ya Ottawa, mwongozo wa madaktari wa kuamua nani apigwe picha), apigwe picha ya mfupa. Na tafadhali, asichomwe sindano ya maumivu ili apande jukwaani. Bila kusikia maumivu, kano iliyochanika nusu inaweza kukatika yote.