Maharage hayakuyalisha mahindi yangu, kosa liko wapi?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nina heka 3 huku Mbozi, niliambiwa nikizungusha mazao sina haja ya kununua mbolea kwa sababu maharage yanarudisha rutuba. Nikapanda maharage, msimu uliofuata nikapanda mahindi bila kuweka kitu, nimeambulia gunia 8 kwa heka. Jirani yangu yeye kila mwaka ni mahindi tu, anaweka DAP ya kupandia mfuko mmoja na urea ya kukuzia mmoja kwa heka na anavuna 18. Sasa huu mzunguko una faida gani?

JIBU: Marahaba mama. Aliyekwambia amekupa nusu ya habari. Naomba nikuulize, ulivuna vipi hayo maharage? Maana nyie watu wa huko nawajua, mnang'oa mche mzima na mizizi yake, mnabeba mpaka nyumbani, mnapiga fimbo uani, maganda anakula ng'ombe au yanachomwa moto. Sasa shambani kimebaki nini mama? Gunia moja la maharage la kilo 100 linaondoka na kilo 3 na nusu hivi za naitrojeni, yaani chakula kikuu cha mahindi, la mahindi linaondoka na kilo 1 na nusu. Na maharage yetu haya ni mavivu kutengeneza naitrojeni, sio kama soya au mbaazi, mara nyingi hayajitoshelezi hata yenyewe, yanachota kwenye udongo huohuo.

Msimu ujao yakianza maua chimba mche mmoja taratibu kwa jembe, suuza mizizi, utaona vinundu vidogovidogo, kipasue kimoja kwa kucha. Ndani kikiwa chekundu au pinki kinafanya kazi ya kutengeneza naitrojeni, kikiwa cheupe au kijani hamna kitu. Kwenye udongo usio na fosforasi vinakuwa vichache kweli, kwa hiyo hata maharage yanataka DAP kidogo, ndiyo yenye fosforasi, hapo ndo watu wengi wanabania.

Huyo jirani naye asikudanganye. Gunia zake 18 zinaondoka na kilo 27 za naitrojeni kila mwaka, na mifuko yake miwili inaleta 32 hivi, urea 23 na DAP 9, na nyingine inapotea njiani, yaani anakula na kulipa deni, na magonjwa ya mahindi anayatunza shambani mwaka hadi mwaka. Uingereza kuna shamba linaitwa Broadbalk, pale kituo cha utafiti cha Rothamsted, wanalima ngano toka 1843, kipande kisichowekwa chochote bado kinatoa kama tani moja kwa hekta, haifi lakini haishibishi mtu, na ngano inayofuata zao lingine inaizidi ile iliyofuata ngano hata kama mbolea ni ileile. Kwa hiyo wewe una mzunguko hauna mbolea, yeye ana mbolea hana mzunguko, mngekuwa shamba moja mngetajirika!

Fanya hivi, maharage kata chini uache mizizi, maganda yarudishe shambani. Mahindi weka DAP kisoda kimoja kila shimo la mbegu mbili, mashimo sentimita 75 kwa 60, mfuko mmoja unatosha heka. Urea igawe mara mbili, mahindi yakifika magotini na kabla hayajatoa mbelewele, na ufukie, ukiiacha juu inapaa na hela yako.

SWALI: Njombe hapa. Mi nazungusha viazi na mahindi, viazi naviwekea DAP nyingi sana. Mahindi yanayofuata naweza kuruka mbolea?

JIBU: Ya kupandia unaweza kupunguza, fosforasi haisafiri, ile ya viazi bado ipo palepale. Ya kukuzia usiruke kabisa, naitrojeni mvua za huko zinaishusha chini mizizi isikofika. Ila kama mahindi machanga yanakuwa na majani ya zambarau wakati DAP umeimwaga miaka yote, basi tatizo ni tindikali, udongo wa Njombe mwingi ni mchachu na DAP yenyewe inaongeza uchachu, fosforasi ipo lakini imefungwa. Pima udongo, pH (kipimo cha uchachu, ikishuka uchachu umezidi) ikiwa chini ya 5.5 weka chokaa ya kilimo miezi miwili mitatu kabla ya kupanda mahindi, usiweke karibu na msimu wa viazi kwa sababu inaviletea ukurutu. Na kwenye kukuzia tumia CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni isiyochachusha udongo sana, badala ya urea.

SWALI: Alizeti na mahindi si mzunguko huo? Singida.

JIBU: Ni mzunguko, magonjwa unayakata, lakini alizeti haitengenezi naitrojeni hata chembe. Samadi unayo? Singida ng'ombe hawakosekani, anzia hapo.