Maswali na Majibu: Kwa Nini Mahindi Yetu Hurudishwa Mpakani?

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi hununua mahindi Iganga, hapa kwetu Uganda, na kuyauza upande wa Kenya kupitia mpaka wa Busia. Kila siku tunaambiwa kwamba Afrika Mashariki ni soko moja, lakini shehena niliyochangia na wenzangu ilirudishwa kwa madai kwamba ina sumukuvu, ilhali mahindi hayo hayo ndiyo tunayokula nyumbani. Je, ni afya ya watu wanayoilinda au ni wakulima wao? Na mtu mwenye mtaji mdogo kama mimi afanye nini? – Mama mfanyabiashara wa nafaka, Busia

JIBU: Pole sana, Mama, kwa hasara iliyokupata, hasa kwa kuwa mtaji wenyewe ulikuwa wa kuchangishana. Umeuliza kama ni afya au ni wakulima wao, nami naona ni yote mawili kwa pamoja. Sumu ipo na siasa ipo, na mfanyabiashara anayeona moja tu kati ya hayo atazidi kupoteza mali.

Sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini, hutokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka iliyovunwa au kuhifadhiwa ikiwa na unyevu, na haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kusaga. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na mengi ya mahindi hayo yalikuwa yamelimwa huko huko. Ofisa wa Kenya anayeitaja sumukuvu mpakani ana makaburi anayoyakumbuka, na si haki kumwambia kwamba anazua. Kwamba nyumbani mnayala mahindi hayo bila kuugua hakuthibitishi kuwa ni salama, kwa sababu kiasi kidogo kinacholiwa siku nenda siku rudi hudhuru ini polepole, kwa miaka mingi, bila mtu kujua chanzo.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina kiwango kimoja cha mahindi: unyevu usizidi asilimia 13.5, na aflatoksini kwa jumla isizidi sehemu 10 katika bilioni moja. Ugumu uko katika namna ya kupima. Sumu haisambai sawasawa ndani ya shehena. Gunia moja lililoloa linaweza kuwa na sumu nyingi huku magunia mengine yote yakiwa safi. Ndiyo maana mahindi yaliyopita katika maabara moja yanaweza kukataliwa katika nyingine bila yeyote kusema uongo, kwa kuwa kila mmoja alichota sampuli mahali tofauti. Mahali penye shaka ya namna hiyo ndipo siasa hupata nafasi ya kuingia.

Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisimamisha mahindi yote kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache tu baadaye serikali ikayaruhusu tena kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, shehena iwe na cheti kinachoonyesha kiwango cha aflatoksini, maghala yajulikane, na pawe na cheti cha asili ya bidhaa, yaani kinachoonyesha nchi ilikotoka. Masharti hayo yanafaa. Lakini kuzuia nchi nzima kwa barua moja, bila kutofautisha shehena chafu na safi, si kazi ya kulinda afya, kwa maana mwenye mahindi makavu aliadhibiwa sawa na mwenye mahindi yaliyooza.

Tazama pia kalenda. Mavuno yetu ya kwanza hutoka kati ya Juni na Agosti, wakati maghala ya Wakenya wengi yamepungua, kwa hiyo mahindi ya Uganda hupokelewa vizuri. Mavuno ya pili hutoka kuanzia Desemba, mara tu baada ya wakulima wa Trans Nzoia na Uasin Gishu nchini Kenya kuvuna, nao wanahitaji bei isishuke. Mahindi ya bei nafuu kutoka Uganda humpunguzia mlaji wa Nairobi shilingi chache tu kwa kila pakiti ya unga, kiasi ambacho hakitamfanya aandamane, ilhali mkulima wa Kitale anaweza kupoteza karo ya watoto. Wakulima hao wako eneo moja, wanajuana, na wana wabunge wanaowasikiliza. Walaji ni mamilioni waliotawanyika, na hakuna anayezungumza kwa niaba yao. Serikali yoyote, yetu ikiwemo, humsikia kwanza aliyejipanga.

Nasema yetu ikiwemo kwa sababu Desemba 2021 baraza letu la mawaziri nalo liliazimia kuandaa orodha ya bidhaa za Kenya za kuzuiwa, kulipiza kisasi kwa maziwa, mayai na bidhaa nyingine za Uganda ambazo Kenya ilikuwa imezizuia. Najua wengi walifurahi. Mimi sikufurahi, kwa kuwa anayelipa kisasi cha namna hiyo ni mnunuzi wa Tororo na Mbale anayeongezewa bei ya bidhaa. Uganda ni soko kubwa kuliko yote ambayo Kenya huuza bidhaa zake nje, na uzito huo ni bora utumike mezani, kudai maabara za nchi zote mbili zikubaliane kwamba cheti cha moja kinakubalika katika nyingine.

Sasa yanayokuhusu wewe. Kausha juu ya turubai, usikaushe kwenye udongo. Chambua punje zilizobadilika rangi, kwa maana ndizo hubeba sumu zaidi. Na mchangie kipima unyevu na wenzako, mkikitumia huko huko Iganga kabla ya kulipa. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa, hupata cheti chepesi cha asili ya bidhaa pale pale forodhani, nacho hukuondolea ushuru wa forodha. Cheti hicho hakikuondolei wajibu wa cheti cha afya ya mimea, jambo linalowaponza wengi. Usishawishike kupita njia za panya: ukikamatwa huko hutakuwa na karatasi ya kudai haki yako.

Na haki unayo. Jumuiya ilitunga mwaka 2017 sheria ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiushuru, yaani vizuizi vya biashara ambavyo si kodi, na Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha hupokea malalamiko ya mkazi yeyote wa nchi mwanachama, ilimradi yafikishwe ndani ya miezi 2 tangu kitendo kinacholalamikiwa. Kesi ni gharama kwa mtu mmoja, lakini chama cha wauzaji nafaka kinaweza. Kila shehena inaporudishwa, dai sababu kwa maandishi pamoja na matokeo ya kipimo.

SWALI: Kama mahindi yanapata shida hivyo, je, sisi vijana? Nina kitambulisho cha taifa na nimesikia kwamba naweza kufanya kazi Eldoret bila kibali. – Kijana, Tororo

JIBU: Umesikia nusu, mdogo wangu. Tangu Januari 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaruhusiwa kusafiri kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, lakini kusafiri si kuajiriwa. Itifaki ya Soko la Pamoja, yaani mkataba wa nchi za Jumuiya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inataja uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, ila kila nchi iliambatisha jedwali la kazi ilizokubali kuzifungua, nazo nyingi ni za wenye taaluma. Kibarua wa shamba au wa mjengo hana nafasi kubwa humo, kwa sababu ile ile niliyomweleza Mama wa Busia: wanaohofia ajira zao wana sauti, na anayekuja kutafuta kazi hapigi kura huko. Ukipata mwajiri Eldoret, mwombe ashughulikie kibali chako katika idara ya uhamiaji ya Kenya kabla hujaanza kazi, na uondoke Tororo ukiwa na nakala ya mkataba mfukoni.